Filamu nzuri ya uvuvi wa nzi bandia: namna ya kuipiga ili mtazamaji amngoje samaki

Filamu nyingi za uvuvi wa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu, huharibika mahali pamoja: samaki anatolewa majini kabla mtazamaji hajajua kwa nini ilikuwa vigumu kumpata. Dakika ya kwanza samaki, dakika ya pili samaki, muziki juu, watu wanashangilia. Kufikia samaki wa nne hakuna anayejali, hata kama huyo wa nne ndiye mkubwa kuliko wote. Mvuvi mwenyewe alijali kwa sababu alijua mambo matatu kabla ya kurusha mshipi: samaki yuko wapi, anakula nini, na ni kitu gani kinaweza kuuharibu mrusho ule. Kazi ya filamu ni kumpa mtazamaji mambo hayo matatu mapema, kisha kumwacha angoje. Karibu kila uamuzi ulio hapa chini, kuanzia lenzi hadi sauti, unatokana na hilo.

Samaki mmoja, tatizo moja

Kabla ya kubeba kamera, andika tatizo la filamu kwa sentensi moja. "Mto huu ni mzuri" si tatizo. "Trauti amekaa chini ya tawi lililoinama, na kati yake na mvuvi kuna mkondo wa kasi" ni tatizo, tena linaonekana kwa macho (trauti ni samaki wa maji baridi). Katika uvuvi huu uzito uko kwenye mshipi, si kwenye ndoana. Mshipi mzito ndio unaombeba nzi mwepesi hadi mbali. Mshipi huohuo ukitua juu ya mkondo wa kasi hupinda na kumburuta nzi, naye huacha nyuma yake mfuo wa viwimbi ambao mdudu wa kweli hauachi. Samaki anakataa. Mtu asiyewahi kushika ufito wa kuvulia anaweza kuyaelewa haya yote kwa picha tatu bila msimulizi: kipande cha povu kinachokwenda na maji, nzi anayekwenda sambamba nacho, kisha nzi anayekatisha mkondo huku akichora mstari juu ya maji. Kuanzia hapo mtazamaji ana jambo la kuhofia.

Dakika 8 hadi 12 zinamtosha samaki mmoja pamoja na makosa mawili au matatu yaliyomtangulia. Makosa hayo usiyakate. Samaki aliyekataa, nzi aliyenasa mtini, fundo lililokatika: bila hayo samaki wa mwisho hana thamani. Mwambie mvuvi mapema kwamba yatabaki, asije akaomba yaondolewe kwa aibu. Na ukiwa na nafasi ya kuchagua mvuvi, mchukue yule anayeweza kusema anachokifikiri akiwa anatazama maji, hata kama hawezi kurusha mbali kama mwenzake.

Mto kwanza, mvuvi baadaye

Panda mahali palipoinuka, iwe mwamba au ukingo mrefu, upige picha pana moja inayoonyesha maji yanaingilia wapi, yanapunguza kasi wapi, samaki amekaa wapi na mvuvi atasimama wapi. Ishikilie sekunde 8 hadi 10 bila kusogeza kamera. Picha hii haina msisimko, na ndiyo sababu watu huiruka. Bila hiyo, picha zote za karibu zitakazofuata ni maji tu.

Kisha jibu swali la chakula. Inua jiwe la mtoni na upige upande wake wa chini, mahali wadudu wachanga wanapojishikiza. Fuatisha mdudu mzima mwenye mabawa akiwa juu ya maji, halafu nzi bandia kiganjani. Ukipenda kuonyesha jinsi nzi anavyofungwa kwenye jiliwa, kile kibanio kinachoshikilia ndoana, kumbuka kwamba kwa lenzi ya karibu sana eneo lililo kali ni milimita chache tu: tumia tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo na eneo kali linaongezeka), weka taa ubavuni ili nyuzi za manyoya zionekane, na usizidishe sekunde 40. Sehemu hii huwapendeza wavuvi kupita kiasi na kuwachosha wengine.

Jambo moja huwavuruga watazamaji bila wao kujua sababu: mwelekeo wa maji. Mto ukitiririka kutoka kushoto kwenda kulia katika picha ya kwanza, ubaki hivyo. Ukivuka na kupiga kutoka ukingo wa pili, maji yanageuka, na mtazamaji hajui tena samaki yuko upande gani wa mvuvi. Kama huna budi kuvuka, weka katikati picha inayotazama moja kwa moja juu au chini ya mto, au onyesha kamera yenyewe ikivuka. Na kamwe usigeuze picha kushoto-kulia kwenye kompyuta ili kuficha kosa hilo, kwa maana mkono wa rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, utahamia upande wa pili na mvuvi yeyote atauona mara moja.

Kumwonyesha samaki akiwa bado majini

Hapa ndipo kichujio cha polaraizi kinapokuwa cha lazima. Kinaondoa mng'ao wa uso wa maji, lakini hakifanyi kazi sawa kutoka kila pembe. Hufanya vizuri zaidi kamera ikitazama maji kwa mteremko wa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa maji. Ukitazama wima chini, hakisaidii kitu. Kwa hiyo ukisimama chini kabisa kando ya maji na bado huoni samaki, tatizo huenda ni urefu wako. Panda ukingoni mita moja au mbili, kisha uzungushe kichujio polepole hadi mng'ao ufifie.

Kichujio hicho hula mwanga kati ya stopu 1.5 na 2, na kila stopu ni nusu ya mwanga. Juani bado utahitaji kichujio cheusi cha kupunguza mwanga. Chukua chenye kiwango kimoja, si kile cha kuzungusha: kile cha kuzungusha kimeundwa kwa polaraizi mbili, na ukikiunganisha na ya tatu unapata mabaka au rangi zinazobadilika katikati ya picha. Kwa lenzi pana kuliko milimita 24 kwenye sensa kubwa (ya milimita 36 kwa 24), anga nayo hutoka na doa la bluu nzito upande mmoja, basi inamisha kamera uiache anga nje.

Waonyeni wafanyakazi wote kuhusu samaki mwenyewe. Trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, hivyo njia salama ya kumkaribia ni kutoka nyuma, upande wa chini wa mto. Anauona ulimwengu wa juu kupitia duara lililo juu yake, na chochote kilicho chini sana karibu na usawa wa maji humfikia kikiwa kimebanwa ukingoni mwa duara hilo. Mpiga picha aliyechuchumaa anaonekana kidogo. Aliyesimama na stendi yenye miguu inayong'aa anaonekana sana. Nguo za rangi iliyofifia, hatua nyepesi, na wanaohitajika tu ndio wasogee. Samaki wengi hufukuzwa na wapiga picha kabla mvuvi hajatoa hata mshipi.

Mrusho

Uzuri wa mrusho uko kwenye kitanzi, ule mkunjo wa mshipi unaosafiri hewani na kujifungua. Ukimpiga mvuvi kutoka mbele, kitanzi hakionekani. Simama ubavuni kwake, pembe mraba na njia ya mshipi, na uwe mbali kuliko unavyodhani. Mshipi wa mita 12 mbele unahitaji karibu mita 12 nyuma pia, na kwa lenzi ya milimita 35 kwenye sensa kubwa upana wa picha unakaribiana na umbali wako. Ili kupata mita 24 zote, rudi nyuma mita 24. Huna nafasi hiyo? Chagua nusu moja, ya mbele au ya nyuma, kuliko kukata kitanzi katikati.

Mwanga utoke nyuma ya mshipi, na nyuma yake kuwe na giza: miti yenye kivuli, ukingo ambao jua halijaufikia. Hapo mshipi unawaka na matone yanayoruka nayo yanawaka. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza na mbili za mwisho kabla ya kuzama ndizo zinazotoa hali hiyo. Kwa picha hii ondoa polaraizi, maana sasa unautaka ule mng'ao. Muombe mvuvi atumie mshipi wa njano au wa rangi ya chungwa, kwa kuwa wa kijani kilichofifia hupotea kabisa. Akihofia rangi kali itawashtua samaki, suluhisho ni kurefusha uzi mwembamba ulio kati ya mshipi na nzi, kutoka mita 2.7 za kawaida hadi mita 3.6 au zaidi, ili rangi itue mbali na samaki.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ndiyo inayowaangusha wengi. Kanuni ya kawaida, 1/50 kwa fremu 24 au 25 kwa sekunde, inafaa kwa mtu anayetembea. Mshipi unaoruka nao unageuka ukungu usioonekana. Kwa mrusho wa mwendo wa kawaida panda hadi 1/100 au 1/200. Kwa mwendo wa polepole piga fremu 120 kwa shata ya 1/240, na ukiziweka kwenye filamu ya fremu 24 unapata mwendo uliopunguzwa mara tano. Tumia mwendo huo mara mbili tu katika filamu nzima: mara moja mtazamaji ajifunze kitanzi ni nini, na mara moja samaki anapodaka. Mrusho una mdundo wake, ule mtuo mfupi mshipi unaponyooka nyuma kabla ya kuja mbele, na mwendo wa polepole unaotumika kila dakika unaua mdundo huo.

Usalama nao: ndoana inapita hewani kwa kasi karibu na uso wa mpiga picha. Kaa upande ambao hauna ufito, vaa miwani, na ukiona upepo unasukuma mshipi kuelekea kwako, ondoka hata kama mwanga ni mzuri.

Wakati wa kudaka

Nzi anayeelea huwa na sekunde chache tu za kufanya kazi kabla mshipi haujaanza kumburuta, na kudaka kwenyewe huisha haraka kuliko kidole kinavyofika kwenye kitufe. Tumia kamera mbili. Ya kwanza iwe kwenye stendi, imefungwa, inaonyesha eneo lote na inarekodi tangu nzi anapotua hadi anapoinuliwa. Ya pili iwe na lenzi ndefu, milimita 200 hadi 400, ikimfuata nzi. Kwenye hiyo ya pili zima utafutaji wa umakinifu (fokasi) wa kiotomatiki, kwa sababu huvutwa na vimeta vya maji. Weka umakinifu kwa mkono kwenye njia atakayopita nzi, na ufunge lenzi hadi f/5.6 au f/8 ili upate nafasi ya kukosea kidogo. Kama kamera yako inaweza kuhifadhi sekunde chache zilizotangulia kabla ya kubonyeza, washa uwezo huo.

Kadi zitajaa. Kurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde kunakula gigabaiti 45 kwa saa, na siku nzima ya kungoja ina saa nyingi. Beba kadi za kutosha na usifute chochote ukiwa mtoni: mara nyingi ule mrusho ulioonekana wa bure ndio unaogeuka kuwa kukataa kuzuri kuliko kote. Baridi nayo humaliza betri, hivyo ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Na ukiingia ndani penye joto na kamera baridi, iache ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto, vinginevyo unyevu utatanda kwenye lenzi.

Chini ya maji na angani

Picha kutoka chini inaweza kumfundisha mtazamaji jambo ambalo maneno hayafikii. Uso wa maji ukitazamwa kutoka chini ni kioo kinachoakisi kitako cha mto, isipokuwa duara moja juu ya kichwa, lenye upana wa nyuzi 97 hivi, ambamo dunia ya nje yote imeingia. Samaki aliye sentimita 50 chini ana duara la mita 1.1 tu kwa upana. Nzi aliye nje ya duara huonekana kama vimeta pale miguu yake inapobonyeza kioo, kisha anaingia duarani na kuwa mdudu kamili. Ukiipata picha hiyo, umemweka mtazamaji mahali pa samaki anayeamua.

Weka kamera ndogo kwenye kitako ikiwa na uzito wa kuishikilia, ondoka, na uiache nusu saa kabla mvuvi hajarusha. Kioo bapa mbele ya lenzi hukuza vitu kwa karibu theluthi moja na kubana upana wa picha. Kioo cha kuba hurudisha upana. Kwa picha ya nusu juu nusu chini ya maji unahitaji kuba la sentimita 15 hadi 20 na f/11 au zaidi, kwa kuwa upande wa chini lenzi inalenga karibu sana kuliko upande wa juu. Chovya kuba kabla ya kila picha ili maji yatandae badala ya kukaa matone.

Droni itumike kidogo: picha moja ya kuonyesha ramani ya mahali, labda moja ya kufunga. Ihakiki sheria ya eneo kabla ya kuirusha, angalia kivuli chake kisipite juu ya kina anamokaa samaki, na usirekodi sauti yoyote ikiwa hewani.

Samaki mkononi: hakuna kurudia

Watazamaji wanaojua uvuvi huhukumu filamu nzima kwa sekunde hizi. Maandalizi yafanyike kabla samaki hajafika: kamera tayari, pembe imechaguliwa, mikono ya mvuvi imelowa, wavu wa raba umezama. Ndoana isiwe na kile kijino kinachorudi nyuma, itoke kwa urahisi. Samaki abaki majini ndani ya wavu huku ndoana ikitolewa. Kama ni lazima kumnyanyua, mpiga picha ndiye atoe ishara, na asizidi sekunde 10 nje ya maji. Picha ikikosewa, imekosewa. Samaki asinyanyuliwe mara ya pili kwa ajili ya kamera. Mara nyingi picha bora ni ile iliyopigwa lenzi ikigusa maji, samaki akiwa nusu amezama na mkono unamwegemeza kuelekea mkondo hadi aondoke mwenyewe.

Kwa trauti, maji yakizidi nyuzi joto 20 za Selsiasi fungasha vifaa. Samaki aliyechoka katika maji ya joto anaweza kuondoka vizuri mbele ya kamera na kufa baadaye. Vilevile usipige uvuvi mahali samaki wanapotaga. Utapatambua kwa viraka vya changarawe safi, vyeupe kuliko vilivyovizunguka.

Sauti

Mto una sauti ya kila masafa, nzito na nyembamba, kwa pamoja, ndiyo maana haiwezi kuchujwa kutoka kwenye mazungumzo baadaye bila kuharibu sauti ya mtu. Mahojiano yafanyike mbali na maji ya kasi, nyuma ya kilima au ukingo unaozuia. Maikrofoni ndogo ya kifuani ikiwekwa ndani ya ovaroli la mpira husugua kila hatua. Ibandike juu kwenye mkanda wa bega au chini ya ukingo wa kofia. Ivishe manyoya ya kuzuia upepo, kata masafa yaliyo chini ya hezi 80, rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, na vilele vya sauti viwe karibu desibeli 12 chini ya kikomo.

Halafu kusanya sauti pekee, bila picha. Dakika mbili za maji ya kasi, mbili za maji tulivu, mbili chini ya miti. Mshipi ukivutwa kwa vidole, rili ikitatarika, viatu kwenye changarawe, nzi akikaushwa hewani kwa mirusho ya haraka. Kamera nyingi hazirekodi sauti zinapopiga mwendo wa polepole, na bila akiba hii picha yako bora ya kudaka itakuwa bubu. Wakati wa kuhariri, tandaza sauti moja ya maji chini ya tukio zima. Ukiacha kila kipande na sauti yake, maji yataruka kila unapokata, na sikio litagundua kabla ya jicho.

Muziki uondoke kabla ya kudaka. Muziki unaopanda unamwambia mtazamaji kwamba samaki anakuja, na hapo umemnyang'anya kule kungoja ulikokujenga tangu mwanzo.

Kuhariri na kujaribu

Usidanganye kwa vipande. Nzi aliyefungwa mwanzoni ndiye aonekane kwenye mdomo wa samaki; kofia, mawingu na urefu wa vivuli vilingane. Kama mahali ni padogo na hapawezi kubeba watu wengi, usipataje, kata vilele na madaraja yanayotambulika, na ufute taarifa za eneo zilizojificha ndani ya faili kabla ya kuyapeleka mtandaoni.

Filamu ikikaribia kukamilika, mwonyeshe mtu asiyewahi kuvua. Simamisha picha pale mvuvi anapoinua ufito kwa mrusho wa mwisho, umuulize: samaki yuko wapi, anakula nini, ni nini kinaweza kuharibika? Akishindwa la kwanza, picha yako pana ni fupi au mwelekeo wa maji umegeuka mahali fulani. Akishindwa la pili, rudisha jiwe na mdudu. Akishindwa la tatu, ulikata makosa ambayo yangemfundisha. Akijibu yote matatu huku akikuomba uendelee, usiguse tena sehemu ile.